Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Lake Havasu City inafaa kwa mtu anayeishi ndani ya vani?

Kwa kifupi, inafaa au haifai?

Inafaa sana kuanzia Novemba mpaka katikati ya Machi, na kuanzia Juni mpaka Septemba haifai, hapo sizunguki. Miezi inayobaki inategemea na mwaka wenyewe. Oktoba inaweza kuwa tamu au ikakuchoma, na Mei ndiyo inayodanganya watu wengi, wanafika wanaona mbona panavumilika, wanatangaza wamepata makao, halafu Juni inaingia na wanaanza kuuliza njia ya kutoka. Kwa hiyo mtu akikwambia mji huu ni mzuri au mbaya bila kutaja mwezi, muulize kwanza alikuwa pale lini.

Uko wapi hasa, na ni mji wa aina gani?

Magharibi mwa Arizona, Marekani, kando ya mto Colorado, ukivuka maji uko California. Ziwa ni la kutengenezwa, bwawa la Parker lilikamilika 1938 na maji yakajaa nyuma yake. Mji ni mpya kuliko ziwa, ulianzishwa 1963 na Robert McCulloch, tajiri wa misumeno ya injini, ambaye mwaka 1968 alinunua daraja la London lililokuwa linauzwa kwa dola milioni 2.46, mawe yake yakapewa namba moja moja yakasafirishwa mpaka jangwani, na daraja likafunguliwa tena 1971. Bado unaweza kulivuka kwa miguu leo.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 57,144. Kwako wewe wa vani maana yake ni kwamba hapa sio porini: kuna hospitali, maktaba ya kaunti, bwawa la kuogelea la manispaa, maduka makubwa na mafundi wa magari. Barabara kuu ya I-40 iko kama maili 20 kaskazini, yaani kilomita 32 hivi.

Joto ni kali kiasi gani? Mimi nimezoea jua.

Hili ndilo swali linalokuja kila siku na karibu kila anayeuliza anaongezea hapo mwisho kwamba amezoea jua. Sikatai, lakini rekodi ya joto ya jimbo zima la Arizona iliwekwa mji huu huu, Juni 29, 1994, nyuzi 53.3 za Selsiasi (128 kwa kipimo cha Marekani). Hiyo ni siku moja, tuiache. Cha kuangalia ni kwamba mwezi Julai mchana kufika nyuzi 43 na kuvuka ni kawaida kabisa, hakuna anayeshangaa.

Ila mimi nawaambia watu waache kuangalia mchana. Angalia usiku. Mchana una mbinu nyingi, unaenda maktaba, unaingia majini, unakaa dukani kwenye kiyoyozi, unaendesha gari AC ikiwa imewashwa. Usiku huna pa kwenda, unatakiwa ulale ndani ya boksi la bati ambalo limekunywa jua saa kumi na nne. Usiku wa Julai hapa joto linabaki karibu na nyuzi 30, na hiyo ni ya nje, ya ndani iko juu zaidi. Jaribu kuweka kiganja kwenye ukuta wa ndani wa vani saa nne usiku, jua limezama zamani lakini chuma bado cha moto, godoro limepata joto mpaka katikati, hata maji ya kwenye dumu ni ya uvuguvugu. Mwili unapumzika pale joto linaposhuka, lisiposhuka usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu, wa nne unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na hapo ndipo watu wanaanza kuumwa.

Kwa hiyo ukifungua takwimu za hali ya hewa za mji wowote wa jangwani, ruka ile safu ya joto la juu, nenda kwenye joto la chini la usiku. Ikiwa ni nyuzi 20 au chini ya hapo, unaweza kuishi hata mchana ukiwa mbaya. Ikikaribia 27 au 28, pita.

Lakini si kuna ziwa? Maji hayapoozi hewa?

Hayatoshi. Ziwa lenyewe ni refu na jembamba, limezungukwa na milima ya mawe meusi ambayo yanashika joto mchana na kulitoa usiku. Ukiingia majini utapoa, na hilo sio dogo, saa moja ndani ya maji jioni inakusaidia kweli. Lakini vani yako iko kwenye changarawe juani, hutalala majini.

Feni ya paa inatosha?

Kuanzia Novemba mpaka Aprili inatosha na inabaki. Kiangazi hapana. Hewa ikishafika nyuzi 35 na kupanda, inalingana na joto la ngozi, kwa hiyo feni inakupulizia hewa ya moto tu, unakauka haraka bila kupoa. Feni inasaidia kama ngozi ina maji, ndiyo maana watu wa jangwani wanalowesha fulana au shuka wanaikamua wanalala nayo, na hewa ikiwa kavu inafanya kazi vizuri mno. Vile vipoozi vya maji navyo ni hivyo hivyo. Tatizo ni Julai na Agosti, msimu wa mvua za jangwani unapoleta unyevu, na siku hizo ujanja wa maji unapungua nguvu wakati ule ule unapouhitaji zaidi.

Nina sola na betri za lithiamu, si nitawasha kiyoyozi tu?

Tupige hesabu pamoja. Kiyoyozi cha paa kinakula kama wati 1,000 mpaka 1,500 kikiwa kinafanya kazi. Betri ya 12V yenye amp-saa 200 inabeba takribani wati-saa 2,500. Hapo una saa mbili, na ukiwa na bahati tatu kwa sababu kinazima na kuwaka, na usiku una saa nane au tisa. Paneli za wati 400 kwenye jua zuri la siku nzima zitakupa kama wati-saa 2,000, na hapo friji haijala. Na friji kwenye joto la nyuzi 43 haipumziki, kompresa inakoroma mchana kutwa. Halafu paneli yenyewe ikipata moto inazalisha kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi, kila nyuzi moja juu ya 25 unapoteza kama asilimia 0.3 au 0.4, na paneli iliyolala kwenye paa la chuma inafika nyuzi 65 au 70 bila shida.

Wapo wanaoweza, wenye vani zilizojaa betri mpaka chini ya kitanda na vile viyoyozi vya kisasa vya DC, vinavyotumia umeme wa betri moja kwa moja, lakini hao wametumia hela ambayo ingelipa mafuta ya kukimbilia milimani miaka mingi. Jenereta nayo, ukiiweka mbali na mlango na upepo ukabadilika, moshi unaingia ndani wewe umelala. Kifaa cha kugundua kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, ni lazima, sio pambo.

Nitapaki wapi usiku bila kufukuzwa?

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapoumia.

Sehemu kubwa ya jangwa kuzunguka mji ni ardhi ya umma chini ya BLM, ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi hizo, na wana ofisi yao pale pale mjini. Utaratibu wa kawaida kwenye maeneo yao ya wazi Arizona ni siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unaondoka na kusogea angalau maili 25. Kusogea mita mia tatu ng'ambo ya kichaka hakuhesabiki, na wanaandika namba za magari. Majina utakayoyasikia ni Craggy Wash upande wa kaskazini karibu na uwanja wa ndege na Standard Wash upande wa kusini. Usiende kwa kusikia tu wala kwa alama ya kwenye programu ya simu iliyoandikwa miaka miwili iliyopita, sheria za maeneo haya zinabanwa kila watu wanapojaa na kuacha taka. Pitia ofisini au piga simu uulize wiki hiyo hiyo unayokwenda.

Ukiangalia ramani utaona kambi nyingi za kupendeza kando ya ziwa. Kabla hujafurahi soma vizuri, nyingi za upande wa Arizona kusini mwa mji zinafikika kwa boti tu. Hakuna barabara. Nimewaona watu na ramani mkononi wakizunguka barabara ya 95 wakitafuta mchepuko ambao haupo.

Za kulipia ni Lake Havasu State Park, ambayo iko mjini kabisa, na Cattail Cove kama maili 15 kusini. Zina umeme na bafu, na kwa mtu wa vani siku mbili tatu za umeme kila baada ya wiki mbili jangwani ni mpango mzuri sana. Majira ya baridi zinajaa mapema, weka nafasi.

Maeneo mawili ya hifadhi ya wanyama, Havasu na Bill Williams River, sio ya kulala. Ng'ambo ya ziwa kuna ardhi ya Wachemehuevi, wenyeji asilia wa Marekani, ni taifa lenye mamlaka yake, unalala pale walipokuruhusu na kwa masharti yao. Na kuna ardhi ya jimbo, ile ya Trust Land, kwa macho ni jangwa lile lile lakini inahitaji kibali chake.

Mitaani mjini? Mimi sishauri. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Grants Pass, iliamua kwamba miji inaweza kuadhibu watu kwa kulala nje hadharani, na tangu hapo miji mingi imekuwa mikali. Na kwa nini uhangaike na taa za tochi kwenye kioo saa nane usiku wakati ardhi halali iko dakika kumi tu.

Majira ya baridi yakoje? Kuna baridi kweli?

Januari mchana ni nyuzi 18 mpaka 20, usiku 5 mpaka 8, blanketi zito linakutosha na hita ndogo ya kuondoa ubaridi wa alfajiri. Barafu ni nadra. Kinachosumbua ni upepo wa kaskazini unaoshuka na bonde la mto, unaweza kuvuma siku mbili tatu mfululizo, unatikisa gari usiku kucha na vumbi laini kama unga linaingia hata kwenye mlango uliofungwa. Geuza pua ya gari itazame kaskazini, fungia turubai, na usipaki juu ya kilima kwa sababu tu kuna mandhari.

Wastaafu utakaowaona majira haya na mabasi yao makubwa ya kuishi wanatoka majimbo ya kaskazini na Kanada, na ni majirani wazuri. Kuna mafundi humo, manesi, madereva wa zamani, ukikwama utasaidiwa. Mtu akikaa peke yake kwa muda mrefu anahitaji hilo kuliko anavyojua.

Umati je?

Machi wanafunzi wa vyuo wanashuka kwa likizo yao, mfereji unaopita chini ya daraja unajaa boti na muziki mpaka usiku. Januari kuna tamasha la maputo ya hewa. Sikukuu za kiangazi zinajaa boti kuliko unavyoweza kuamini, na pale kwenye mfereji boti zikisongamana injini zikiwa zinaunguruma moshi unatulia juu ya maji, miaka ya 2000 wataalamu wa afya wa serikali walikwenda kupima kabisa. Usiogelee nyuma ya boti iliyowashwa.

Kunyesha kunanyesha?

Kwa mwaka mzima ni kama milimita 100 hivi, lakini inaweza kushuka nyingi kwa saa moja. Msimu rasmi wa mvua za kiangazi Arizona ni Juni 15 mpaka Septemba 30. Yale makorongo makavu yenye mchanga laini na kivuli cha miti, ambayo ndiyo yanayovutia kupaki, ni njia za maji. Mvua inaweza kunyesha mlimani huko wewe huoni hata wingu, na maji yakaja na magogo. Wakati wowote wa mwaka ukiona mawingu mazito juu ya milima, toka korongoni kwanza, mengine baadaye.

Maji ya kunywa nipange kiasi gani?

Lita 4 kwa siku kwa mtu mmoja ndio kianzio, kiangazi zaidi, na hapo hujaoga wala hujaosha sufuria. Kunywa kabla kiu haijaja, na kula chumvi kidogo. Mtu akiacha kueleweka anachosema, akachanganyikiwa au akayumba huku ngozi inawaka, huyo sio wa kupumzishwa kivulini muone itakuwaje. Piga 911 hapo hapo, mmwagie maji, mpepee.

Kuogelea ziwani ni salama?

Kwa watu wengi ndiyo. Maji yakiwa ya moto sana mwisho wa kiangazi usiyaruhusu yaingie puani, kuna amiba, vijidudu adimu wanaokaa kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyopata joto na mwaka 2007 kijana mmoja alifariki baada ya kuogelea ziwa hili. Ni nadra mno, lakini kubana pua hakugharimu kitu. Na kama una kayaki, kabla ya kuhamia ziwa lingine isafishe, imwage maji, ikauke. Kombe wadogo wa kwagga, jamii ya chaza wavamizi, waligunduliwa mto huu mwaka 2007 na ni sheria kutowasambaza.

Nina mbwa.

Basi miezi yako ni michache kuliko yangu. Mbwa hawezi kubaki ndani ya vani wewe uko dukani, hata siku ya nyuzi 25, gari lililofungwa linapanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika kumi. Lami ijaribu kwa nyuma ya mkono, usipoweza kuhimili sekunde saba usimtembeze. Ukisafiri peke yako na mbwa, fikiria mapema nani atakaa naye ukienda kwa daktari. Ni swali dogo mpaka siku ile.

Dawa zangu zinatakiwa kukaa mahali pa baridi.

Insulini na dawa nyingi zinataka chini ya nyuzi 25 au 30. Vani ya hapa kiangazi inavuka 50 ndani. Usitegemee friji moja inayotegemea betri moja, uwe na mpango wa pili unaoujua kwa jina, iwe ni rafiki mjini au duka la dawa. Kama huna huo mpango, usije baada ya Aprili.

Kazi ya mtandaoni inawezekana?

Mjini ndiyo, na maktaba ina intaneti na kiyoyozi. Simu ikiachwa kwenye dashibodi itajizima yenyewe kwa joto, laptopu pia. Kingine, Arizona haibadilishi saa, kwa hiyo kiangazi saa yenu ni ile ile ya California na majira ya baridi mnawatangulia kwa saa moja. Mikutano inakosewa sana hapo.

Basi kiangazi niende wapi?

Panda. Kila mita 1,000 unazopanda joto linapungua nyuzi 6 mpaka 10. Kingman iko maili 60 hivi na ni kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na juu yake kuna Hualapai Mountain Park yenye misonobari na hewa nyingine kabisa. Flagstaff iko mita 2,100, usiku wa Julai unavaa sweta, na misitu inayoizunguka ina maeneo ya kulala bure kwa muda maalum. Mimi sihesabu mji wa jangwani kama unafaa mpaka nimejua njia yake ya kupanda, iko mbali kiasi gani na tenki moja la mafuta linatosha. Havasu kwa hilo imebarikiwa, na hii ndiyo sababu kubwa bado naipendekeza.

Kwa nini sio Page, Bullhead City au Boulder City?

Page iko juu zaidi, karibu mita 1,300, kiangazi chake kina nafuu lakini majira ya baridi utaganda. Bullhead City ni joto lile lile la Havasu. Boulder City ipo juu kidogo na karibu na Las Vegas. Tofauti ambayo watu hawaiangalii ni maji yenyewe: Lake Mead, iliyo karibu na Boulder City, na Lake Powell, iliyo karibu na Page, zinapanda na kushuka vibaya, Mead ilifika mwaka 2022 kiwango ambacho hakijaonekana tangu ilipokuwa inajazwa miaka ya 1930, na njia za kushushia boti zikabaki nchi kavu. Havasu inashikiliwa karibu palepale mwaka mzima kwa sababu pampu zinazopeleka maji Phoenix na Tucson na zile za kusini mwa California zinavuta kutoka humu humu. Ukipata ufukwe unaoupenda, mwaka ujao utaukuta.

Wale punda wanaozurura ni wa nani?

Sio wa mtu, ni punda wa porini, wanalindwa na sheria ya mwaka 1971. Usiwape chakula, wanazoea magari na wanasogea barabarani. Usiku kwenye barabara ya 95 punguza mwendo, rangi yao na rangi ya jangwa ni moja na taa zinawakuta wamesimama katikati ya njia.